Vitabu vya Shangazi kwenye grupu la ukoo

*Ijumaa usiku*

Mama Nasra: Assalaam aleikum wana ukoo. Mchango wa harusi ya Nasra unafungwa tarehe 20. Baba Karim kamaliza, Dulla katoa nusu, Zuu bado. Wengine mnajijua.

Dulla: Waaleikum salaam shangazi. Nusu si haba, boom la mkopo wa chuo halijaingia 🙏🏾

Zuu: Waaleikum salaam. Yangu kesho inshallah. Shangazi Mwalimu mbona kimya siku hizi, goti linaendeleaje?

Shangazi Mwalimu: Waaleikum salaam warahmatullah. Goti lipo, alhamdulillahi. Daktari kanikataza ngazi, basi nashinda barazani nasoma. Nimekata vitabu vitatu, vyote vya maisha ya watu waliokuwepo kweli. Hadithi za kutunga nimezichoka.

Zuu: Vitatu! Mimi hata status ndefu siimalizi 😂

Baba Karim: Dada, hujambo. Kile nilichokuletea kutoka Muscat umekisoma?

Shangazi Mwalimu: Cha binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja? Nimekisoma chote, kimenifurahisha na kimenikera. Lakini nilianza na alichonitumia Dulla, cha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Nimekisoma kwenye simu mpaka macho yakatoa machozi, ndipo nikamtuma kijana akanichapishie dukani.

Mama Nasra: Haya tueleze, ila harusi tusiisahau.

Shangazi Mwalimu: Basi. Huyu Hamed bin Muhammed el Murjebi kaandika maisha yake mwenyewe, uzeeni, kwa Kiswahili. Aliyemhimiza ni Mjerumani aliyekuwa Unguja, Heinrich Brode, na maandishi yakachapwa Berlin 1902 na 1903. Kiswahili chake hakina madoido hata kidogo. Safari, bei, ugomvi, safari tena. Ana miaka 12 kaanza kuchukua sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti, safari za karibu karibu, kawa kijana kamfuata baba yake bara, na kuanzia hapo hatulii.

Shangazi Mwalimu: Na hesabu! Frasila za pembe, bei ya pembe, nguo na shanga zilizotoka. Bidhaa alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na deni la Taria si la kuchezea, kwa hiyo kila kitu kina kipimo chake. Ukifungua katikati utadhani umeshika daftari la michango la Mama Nasra.

Mama Nasra: 😂😂 Na yeye alipe kabla ya tarehe 20

Dulla: Shangazi, lakini huyo mtu aliuza watu. Mhadhiri wetu alituambia tukisome huku tukijua mwenyewe anajisafisha.

Baba Karim: Wasomi wa siku hizi bwana. Mtu wa karne nyingine mnamhukumu kwa sheria za leo. Biashara ile walifanya wengi, na machifu wenyewe waliuza. Hao Wazungu waliokuja kuandika ubaya wake walikula chakula chake na kulindwa na bunduki zake. Mbona wao hamuwasemi?

Dulla: Tunawasema ami, tena sana.

Shangazi Mwalimu: Kwa Wazungu Baba Karim kasema kweli. Livingstone alikutana naye 1867, Cameron 1874, Stanley 1876 wakaufuata mto Lualaba pamoja. Halafu 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akijidai ulimwenguni kwamba anaupiga vita utumwa, akamfanya liwali wake wa Stanley Falls, huko Kongo. Kwa hiyo usafi hakuna aliyekuwa nao.

Shangazi Mwalimu: Ila mimi sheria za leo sizihitaji, namsoma kwa maneno yake. Kuna mahali wapagazi wamemtoroka Uzaramo. Wale si watumwa, ni watu wa kukodi. Akarudi na bunduki mpaka vijijini mwao, akakamata wazee, akakamata ndugu, akawatia minyororo wabebe mizigo. Ndipo watu wakampa jina la chui, maana chui hushika hapa na pale. Analieleza hili kwa utulivu kabisa, tena na jina lenyewe limempendeza, halafu huyo anaendelea na njia yake. Nimeirudia sehemu ile natafuta jina la mtu mmoja, mmoja tu, katika wale waliofungwa. Hamna. Lakini Waarabu wenzake anawataja na baba zao, na pembe alizopata ujanani anakuwekea hesabu yake uzeeni.

Zuu: Mh.

Zuu: Na hao ni Wazaramo tu hapo jirani, wala si mbali.

Shangazi Mwalimu: Ngojeni, kuna kisa cha Utetera, huko Kongo. Alipata habari kwamba mtemi wa huko, mzee Kasongo, alikuwa na ndugu wa kike waliotekwa zamani na kupelekwa mbali. Tippu Tip akajitangaza: mimi mjukuu wa mmoja wa hao, bibi yangu alinihadithia habari za kwao. Mzee akasadiki, akamwachia utemi. Na watu, na pembe. Msidhani kasingiziwa na adui, kaandika kwa mkono wake, na ukisoma unamwona kabisa anatabasamu.

Dulla: Kumbe ndiye mwanzilishi wa "ile hela tuma kwenye namba hii" 😂😂😂

Baba Karim: Hahaha. Hiyo ndiyo akili ya biashara.

Mama Nasra: Akili hiyo hiyo imempata jirani yangu juzi, laki mbili zimekwenda.

Shangazi Mwalimu: Mcheke, na mimi nilicheka. Kilichonikaa ni kwamba ule uongo uliwezekana kwa sababu wapo wanawake waliotekwa kweli na hawakurudi. Mzee Kasongo alikuwa bado anawangoja.

Zuu: Shangazi tupeleke kwa binti mfalme, hapa pamekuwa pazito.

Shangazi Mwalimu: Salme. Alizaliwa 1844 Mtoni, Unguja. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akajifundisha kwa siri: kachukua mfupa wa bega la ngamia, kakaa ananakili herufi za msahafu juu yake. Mimi niliyeshika chaki maisha yangu yote, hapo nilikiweka kitabu mapajani kwanza nikatazama barabara. Na kalamu ikamponza. Mwaka 1859 Barghash, ndugu yake, anataka kumpindua kaka yake Majid aliyekuwa sultani, barua za siri ataandika nani? Msichana wa miaka 15.

Zuu: Na yule Mjerumani? Tupe mapenzi 😍

Shangazi Mwalimu: Hapo utakasirika. Mapenzi kayapita mbio mbio. Jirani, nyumba zinatazamana, basi. 1866 kapanda manowari ya Kiingereza, kashuka Aden, 1867 kabatizwa na kuolewa siku moja, haoo Hamburg. 1870 mume kaanguka kwenye tramu ya farasi, kafa. Kabaki na watoto watatu wadogo, baridi, lugha ya kujifunza ukubwani, na urithi wa Unguja hapewi. Kitabu kikatoka 1886, kwa Kijerumani.

Shangazi Mwalimu: Sasa angalia anapokaa kitako. Mapambo, sikukuu, punda waliopambwa, vyakula vya Mtoni, kurasa na kurasa. Kinachomtia hamu anakieleza mpaka unasikia harufu. Kinachomuuma anakigusa na kukimbia.

Baba Karim: Mimi nilimwonea huruma. 1885 karudi Unguja na manowari za Kijerumani, Barghash akakataa kuonana naye. Ndugu yake wa baba!

Shangazi Mwalimu: Na mimi nilimwonea huruma, mpaka nilipofika sura ya utumwa. Anautetea! Wazungu hawaelewi, anasema, mtumwa kwa Mwarabu hana shida kama mnavyodhani. Na huyu mama yake mwenyewe alikuwa Msirkasi, mtu wa Kaukazi, wazazi waliuawa vitani, mtoto akabebwa akauzwa. Alifika kwa Sayyid mdogo hata jino lake la kwanza la utoto liling'okea nyumba ile. Salme kaliandika hilo. Jino la mama yake analijua. Halafu wanaochota maji na kupika ni kundi moja tu, wanaitwa watumwa, na wana bahati.

Dulla: Daah.

Baba Karim: Dada, alikuwa anajibu matusi ya Ulaya. Ukikaa ugenini wanakusema vibaya kwenu kila siku, hata cha aibu utakitetea. Mimi huku nakijua hicho.

Shangazi Mwalimu: Hilo nalikubali. Nalikubali na bado linanikera.

Shemeji wa Nasra: Shikamooni wakubwa. Nawasoma tu 😅

Mama Nasra: Marahaba baba. Usiwajali hawa, ndio zao wakikosa kazi.

Bi Mkubwa: 🎤 Sauti (0:52)

Zuu: Kwa msio na bando: Bibi nimemsomea yote, anauliza, mabinti wa wafalme na matajiri wa pembe tumewasikia, cha Siti hakuna? Anasema baba yake alikuwa na gramafoni hapa Pangani, santuri za Siti zikipigwa watu wanajaa mpaka uani, na yeye mtoto anakaa chini ya meza.

Shangazi Mwalimu: Shikamoo mama. Kipo. Ndicho cha tatu, nilikiweka mwisho kwa makusudi. *Wasifu wa Siti binti Saad*, wa Shaaban Robert, mtu wa kwetu, kaburi lake hapo Machui. Nilikisoma zamani shuleni kwa ajili ya mtihani, sasa nimekisoma kwa ajili yangu.

Shangazi Mwalimu: Siti kazaliwa Fumba karibu na 1880. Jina la utotoni Mtumwa. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Vyungu vinafinyangwa nyumbani, yeye anavitembeza kuuza. 1911 akahamia mjini, akaingia kwa wapiga ala, na 1928 akapelekwa Bombay kutia sauti kwenye santuri. Ilipofika hapo walio na roho zao wakamtungia wimbo wa kumsema: kaniki, ushamba, sura, na kwamba bila sauti angekula nini. Akawajibu kwa wimbo, kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Mama, huo unaujua.

Zuu: Ameshaanza kuuimba 😂 ngoja nimrikodi

Shangazi Mwalimu: Sasa marehemu Shaaban ukimpa nafasi atakutolea wasia. Unataka kujua Siti alikula nini melini kwenda Bombay, unapewa kwanza faida za subira na ubaya wa husuda. Kuna pahala niliruka, Mungu anisamehe. Lakini yeye ndiye aliyeona kwamba mwanamke muuza vyungu anastahili kitabu. Na kichekesho ni hiki: kitabu cha Siti na kile cha Tippu Tip chenye tafsiri ya Kiingereza vilitolewa na watu wale wale, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwenye minyororo na binti aliyeitwa Mtumwa, kabati moja.

Dulla: Shangazi hii niandikie vizuri niweke kwenye isei yangu

Shangazi Mwalimu: Andika mwenyewe. Na usisahau wimbo wa Siti wa Kijiti. Siti hakuandika kitabu, ila tukio lile la mwanamke kuuawa, muuaji kavuka maji, mashahidi ndio wametiwa hatiani, tunalijua kwa sababu aliliimba. Faili la mahakama nani kalisoma? Wimbo kila mtu anao.

Dulla: Bibi, mimi nina swali. Marehemu baba aliwahi kuniambia nyanya yako alitoka bara. Nikamuuliza bara wapi, akabadilisha mazungumzo. Alikuwa wa wapi?

Mama Nasra: Dulla. Hayo si ya humu.

Baba Karim: Sisi asili yetu Sur, Oman. Inajulikana, na shajara ya ukoo ipo.

Shangazi Mwalimu: Sur ni upande wa marehemu mzee, Baba Karim. Kijana anauliza upande wa mama.

Mama Nasra: Na wageni wamo humu jamani, hebu tuwe na staha. Usiku mwema. Tarehe 20.

*Jumamosi asubuhi*

Zuu: Assalaam aleikum. Bibi kaniamsha alfajiri, kasema leta simu uandike, tena uandike ninavyosema usinipambie. Nilimwambia atume sauti, kasema sauti watu hawasikilizi, wanaweka sikioni huku wanakata vitunguu. Haya:

Zuu: "Nyanya yangu akiitwa Faida. Hilo jina alipewa huku, la kwao hakutuambia, sijui alilisahau au alilificha. Alikumbuka ziwa. Alikumbuka mama yake akianika dagaa mchangani, na yeye kazi yake kufukuza ndege. Ziwa gani, hakujua, kwake yeye lilikuwa ziwa tu. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa. Ndiyo yaliyokuwa yakimtangaza, kila akicheka anavuta upindo wa kanga mdomoni. Mimi nikadhani ndiyo adabu ya kucheka, na mimi nikawa nacheka hivyo hivyo, mpaka siku moja mama akanipiga kibao cha mkono, akaniambia wewe huna cha kuficha."

Zuu: "Alifika Pangani mtoto, kaletwa usiku, maana Waingereza walikuwa wakishika majahazi. Akakua nyumba ya mtu, akapika nyumba ya mtu, akaozwa na yule mtu. Mwaka wa 22 serikali ilipotangaza utumwa mwisho, wakamwendea kumpa habari. Ana watoto wazima. Akauliza, sasa leo nisipike? Watu wakacheka, na hadithi hii ikisimuliwa kwetu kwa kicheko. Mimi nimezeeka ndipo nikafahamu kwamba alikuwa anauliza kweli."

Zuu: Kasema hapo niweke nukta.

Dulla: Bibi 😭

Baba Karim: Mama, miaka yote hii mbona hukutuambia?

Zuu: Anasema: "Mlikuwa hamuulizi. Kila mkikaa na baba yenu mnauliza Sur."

Shangazi Mwalimu: Mama, mimi ni mwanao wa kwanza na hii ya meno naisikia leo.

Mama Nasra: Sasa wakwe watasemaje jamani.

Shemeji wa Nasra: Mama, wakwe ndio mimi. Kwetu Kilwa, mnadhani sote tulishuka na jahazi kutoka Shiraz? 😅 Bibi shikamoo. Endelea bibi.

Mama Nasra: Haya. Lakini Nasra asije akaniambia sikumlindia heshima.

Shangazi Mwalimu: Heshima ya nani imeondoka hapo? Dulla, Jumamosi ijayo nenda Pangani na simu yenye nafasi, mrikodi bibi yako taratibu, si kwa siku moja. Nitaandika mimi. Sitaki kitabu kikubwa, kurasa arobaini zinatosha, tuzitoe nakala kila nyumba iwe nayo.

Zuu: Bibi ana masharti. La kwanza, msimtie mawaidha ya Shaaban Robert. La pili, mambo ya dagaa na ndege yasikatwe. Dulla aje na tambuu.

Dulla: Nakuja hata kwa lifti ya lori la nazi.

Baba Karim: Mimi siungi mkono wala sipingi. Ila nasema hivi: jina la yule mwenye nyumba lisiandikwe. Watu wake bado wapo Pangani, tunasali nao msikiti mmoja. Mwiteni "mtu mmoja" tu.

Shangazi Mwalimu: Tippu Tip aliwaacha bila majina waliofungwa. Wewe unataka tumwache bila jina aliyefunga.

Baba Karim: Dada, mimi natafuta amani. Wewe unakaa Tanga mjini, mama ndiye anayekaa nao.

Dulla: Ami ana hoja lakini. Tuseme tunaandika jina, halafu wakisoma? Wao wamekosa nini?

Shangazi Mwalimu: Hawajakosa kitu. Na Faida alikosa nini? Mama ndiye aamue, si sisi.

Zuu: Anafikiri.

Zuu: Kaniambia nimpe kahawa kwanza.

Zuu: Haya, anasema: "La Faida liandikeni ukurasa wa mwanzo, kwa herufi kubwa. La mwenye nyumba niachieni kwanza. Vijukuu vyake ndivyo vinavyoniletea samaki asubuhi, na hawajawahi kuchukua pesa."

Baba Karim: *Ujumbe huu umefutwa*

Dulla: Ami nimeshausoma 😂 kumbe ni wale?!